Studio za Beni na Butembo: plagini za kuongeza ao zile zenye ziko tayari ndani ya programu?

Kunako Beni, Butembo, Oicha na hata hapa Mbau, kuona studio ya muziki si jambo la ajabu tena. Chumba kidogo, mashini moja, mikro moja, kasiki, blanketi ao magodoro ukutani, na kijana amefungua kazi. Korali za makanisa zinarekodi humo. Waimbaji wa Kinande, wa Kiswahili na wa Lingala wanapita humo. Hata matangazo ya biashara na ya matanga yenye munasikia kwenye radio, mingi inatoka katika vyumba hivyo.

Kati ya vijana wanaofanya kazi hiyo, kuko ulizo moja linalorudi kila mara. Ili wimbo wa Beni usikike kama ule wa Kinshasa, Kampala ao Dar es Salaam, je, ni lazima kuongeza plagini za makampuni ya inje? Ao zile zenye ziko ndani ya programu tangu siku ya kwanza zinatosha?

Ulizo linaonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini linagusa feza ya msanii, usalama wa mashini, na zaidi ya yote linagusa kazi zetu kupona ao kupotea wakati watu wanalazimika kuhama. Tulitazame pole pole.

Plagini ni kitu gani?

Wimbo ukisharekodiwa, kila sauti inakuwa na njia yake ndani ya mashini: muimbaji, waitikiaji, gitaa, ngoma, kinanda. Kumiksi ni kupanga sauti hizo ili zisikilizane bila kugombana. Vyombo vya kazi hiyo ni vichache. Kuko egalizeri, inayopunguza ao kuongeza sauti nene na sauti nyembamba. Kuko kompreseri, inayoshusha sauti inapopanda sana ili maneno yote yasikike sawa. Kuko reverbi, inayoleta mwangwi kama wa kanisa ao wa chumba kikubwa. Na kuko limiteri, inayokaa mwisho na kuzuia wimbo usipasuke.

Zamani kila chombo kilikuwa sanduku la chuma lenye kupatikana tu kwa wenye makuta mingi. Kunako mwaka 1996, kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta mfumo wa VST pamoja na programu yake ya Cubase. Tangu hapo, sanduku la chuma linaweza kuwa kipande kidogo cha programu kinachoingizwa ndani ya programu kubwa, na kampuni yoyote inaweza kutengeneza chake na kukiuza. Kipande hicho njo plagini.

Programu kubwa nazo zinakuja na vyombo vyao. FL Studio, ya kampuni Image-Line ya Ubelgiji, ilianza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, na ndani yake kuko Parametric EQ 2, Fruity Limiter na Fruity Reeverb 2. Reaper, ya kampuni Cockos ya Marekani, inakuja na ReaEQ, ReaComp na hata ReaTune ya kusahihisha sauti ya muimbaji. Hizo tunaziita plagini za ndani. Za inje ni kama zile za Waves, FabFilter, iZotope ao Antares.

Masikio yanasema nini?

Tuanze na egalizeri, maana njo chombo kinachofanya kazi kubwa zaidi. Ndani ya mashini, egalizeri ni hesabu. Ukichukua ile ya ndani na ile ya inje yenye bei kali, ukazipanga sawasawa, kwa kazi ya kila siku tofauti itakuwa ndogo sana, hata fundi mwenye uzoefu atapata shida kuitambua. Kitu chenye ile ya bei kali inakupa ni uso muzuri wa kutazama, na kazi kwenda haraka. Parametric EQ 2 ina bendi 7. Kwa sauti ya muimbaji moja, ni mara chache fundi atahitaji zote.

Kwa kompreseri na reverbi, tofauti inasikika zaidi. Kila kampuni ina namna yake, na zingine zinaiga masanduku ya zamani yenye rangi yao. Mtu asidanganye kwamba zote ni sawa. Lakini ukienda kusikiliza kwa nini miksaji ya studio fulani haipendezi, mara nyingi shida imeanza mbele ya plagini. Muimbaji alikaa mbali na mikro. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta. Kinanda kilirekodiwa kwa nguvu mpaka kikapasuka. Hakuna plagini ya dola 200 itakayorudisha neno lenye halikuingia muzuri ndani ya mikro.

Mfano hauko mbali. Kunako Dar es Salaam, vijana wa singeli walitengeneza muziki wao katika studio za mitaani kwa mashini za kawaida. Mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa nyimbo uitwao Sounds of Sisso, na singeli ikaanza kujulikana mpaka Ulaya. Waliosikiliza kule walishikwa na kasi na ubunifu wa ile midundo. Hakuna aliyeuliza orodha ya plagini.

Bei, kadi na intaneti

Sasa tuje kwenye feza. Reaper inakuacha uijaribu siku 60 bila kukatiwa kitu. Kiisha unalipa dola 60, kama kazi yako haikuingizii zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, na studio yetu gani inafikia hapo? Tena ni ndogo: kwa Windows, kuidownloadi hakuzidi mega 30, ni kusema hata forfe ya kawaida inatosha. FL Studio ni nzito, karibu giga moja, lakini ukiisha kuilipa, unapata matoleo mapya maisha yote bila kuongeza franga. Muangalie jambo moja: kwa miaka mingi toleo lake la bei ya chini, Fruity, lilikuwa halirekodi sauti kwa mikro. Kwa kurekodi muimbaji ilifaa kupanda mpaka Producer, basi hakikisha mbele ya kulipa. Na ile ya kujaribu inakuacha uhifadhi kazi, lakini huwezi kuifungua tena mpaka ulipe. Vijana wengi wanagundua hayo wakati korali imesharudi nyumbani.

Plagini za inje, hata moja peke yake, inaweza kuomba feza ya Reaper nzima ao mara mbili. Tena malipo yanataka kadi ya benki ya kimataifa, na wengi wetu tunatumia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Mwenye hana kadi anaomba ndugu wa Kampala ao wa Ulaya amlipie, na leseni inakuwa kwa jina la mtu mwingine.

Kuko pia mambo ya kukodisha. Mwezi wa tatu mwaka 2023, Waves ilitangaza kwamba haiuzi tena plagini moja moja, kila mtu atalipa kwa mwezi ao kwa mwaka. Mafundi wa dunia nzima walipiga kelele, na baada ya siku chache kampuni ikarudisha uuzaji wa zamani. Wakati ule walishinda. Lakini somo limebaki: chombo cha kukodisha, bei na kanuni vinapangwa na mwenyewe, si na wewe.

Na leseni nyingi zinataka intaneti ya kuhakikisha kama umelipa. Zingine zinatumia mfumo wa iLok. Ukichagua iLok ya mtandaoni, muda wote wa kazi mashini inapaswa kuwa na koneksyo. Sisi tunakumbuka mwisho wa mwaka 2018. Baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi nzima tangu tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili, karibu majuma matatu. Studio yenye kutegemea koneksyo kwa kufungua egalizeri ingefunga mlango siku zote hizo. Yenye kutumia vyombo vya ndani ilikuwa inaweza kuendelea, kama tu umeme uko.

Za krake zina bei yao pia

Kwa sababu ya bei, njia yenye wengi wanapitia inajulikana: plagini za krake. Zinazunguka kwenye fulashi kutoka studio hadi studio, bila risiti na bila leseni. Vijana wanasema ni bure. Tuangalie kama ni bure kweli.

Mwezi wa sita mwaka 2019, kampuni ya usalama wa mashini ESET, ya Slovakia, ilitoa uchunguzi juu ya virusi yenye iliipa jina LoudMiner. Virusi hiyo ilikuwa imefichwa ndani ya programu za muziki za krake, na ilikuwa inatembea tangu mwezi wa nane mwaka 2018. Kwenye tovuti moja tu, wachunguzi walikuta programu 137 zenye kuhusu VST, 42 za Windows na 95 za macOS. Kazi ya virusi ilikuwa kutumia nguvu ya mashini yako usiku na mchana kwa kutafutia wengine feza za mtandaoni.

Kwa nini walichagua watu wa muziki? ESET ilieleza: mashini za muziki zina nguvu, na mwenyewe amezoea kuona inafanya kazi sana, basi hawezi kushuku kitu. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ni hasara ya bili ya umeme. Kwa mtu wa Mbau mwenye kutegemea sola na betri moja, ao esansi ya jenereta, ni kusema betri inaisha mbele ya wimbo kuisha. Mashini inapata moto, feni inalia mpaka inaingia ndani ya mikro. Halafu fundi anasema mashini imezeeka.

Kuko na upande wa haki. Wasanii wa kwetu wanalia kila siku kwamba nyimbo zao zinauzwa sokoni kwenye fulashi bila wao kupata hata franga moja. Wana haki ya kulia. Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne mwaka 1986 inalinda kazi ya mtungaji, na SOCODA iliundwa kwa kukusanya haki hizo. Lakini ni vigumu kusimama mbele ya watu kudai jasho lako liheshimiwe, wakati wimbo wenyewe umetengenezwa na jasho la wengine lililoibwa. Mwenye kutumia vyombo vya ndani alivyolipia, ao vya bure kwa halali, anadai bila kuinamisha kichwa.

Kazi inayohama

Hapa njo tunafika kwenye jambo kubwa, lenye mafundi wa inje hawawezi kulifikiria wanapolinganisha plagini.

Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014, mauaji katika eneo la Beni yamelazimisha watu kuhama mara na mara. Njia ya Beni, Mbau, Oicha, Eringeti inajua jambo hilo kuliko njia zingine. Mtu anaweza kurekodi Oicha juma hili, na juma linalofuata yuko Beni ao Butembo kwa jamaa. Mashini inabaki, inaibwa, inaungua. Kinachobebwa ni watoto, magodoro, na pengine fulashi mfukoni.

Basi ile kazi ndani ya fulashi itafunguka wapi? Faili ya kazi haibebi plagini. Inabeba majina yao na namna zilivyopangwa. Ukiifungua kwenye mashini nyingine yenye haina plagini ile, programu inakuambia haionekani, na sauti inatoka kavu, kama haikumiksiwa hata siku moja. Saa nyingi za kazi zinapotea. Hata FL Studio ikikusanya kazi yote katika kifurushi kimoja cha zip, plagini za inje hazimo. Lakini kama ulitumia za ndani, programu ile ile kwenye mashini yoyote itafungua kazi jinsi ulivyoiacha. Studio ya Butembo inaweza kumalizia wimbo wa korali iliyokimbia Oicha bila kuanza upya.

Hata bila kuhama, plagini za inje zinazeeka vibaya. Mwaka 2016, Cubase 9 iliacha kufungua plagini za zamani za biti 32. Mwanzoni mwa 2022 Steinberg ilitangaza kwamba itaacha mfumo wa VST2 katika programu zake ndani ya miezi 24. Kila badiliko kama hilo linaacha nyuma nyimbo zenye hazifunguki tena sawa.

Inafaa kusema ukweli wote: za ndani nazo zina mpaka. Kazi ya FL Studio haifunguki ndani ya Reaper, wala ya Reaper ndani ya Cubase. Kwa iyo ulinzi wa mwisho ni kutoa kila sauti peke yake katika faili ya WAV, tangu sekunde ya kwanza ya wimbo mpaka mwisho. Programu zote kubwa zinafanya hivyo. Tupige hesabu: sauti moja ya mono, kwa biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, inakula karibu mega 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye sauti 20 unafika karibu mega 640. Fulashi ya giga 8 inabeba nyimbo kumi na zaidi. Hiyo fulashi moja ikae kwa mtu mwingine, katika mji mwingine.

Reaper ina faida ingine hapa: inaweza kuwekwa yenyewe ndani ya fulashi na kufanya kazi kutoka humo. Mwenye kuhama anabeba studio na nyimbo pamoja.

Fasi yenye za inje zinasaidia

Hatusemi plagini za inje hazina kazi. Auto-Tune, kwa mfano, ilitoka mwaka 1997 kwa mkono wa Andy Hildebrand, mtaalamu aliyekuwa akichunguza mawimbi ya ardhini kwa kutafuta mafuta. Leo sauti yake ni sehemu ya mtindo, na mteja akiitaka ile yenyewe, ReaTune haitaleta rangi sawa. Kusafisha kelele ya jenereta ao ya mvua pia, programu za iZotope zinafanya vizuri zaidi. Lakini mbele ya kufika huko, Audacity, yenye ni ya bure, ina chombo cha kupunguza kelele, na ReaFIR ndani ya Reaper inafanya kazi hiyo pia.

Tena kuko za inje zenye ni bure kwa halali. Cockos inatoa ReaPlugs bure kwa Windows, zenye kuingia ndani ya programu zingine. TDR Nova ni egalizeri ya bure yenye kuheshimiwa. Valhalla Supermassive, ya tangu 2020, inatoa reverbi kubwa bila franga. Ziodownloadi kwa watengenezaji wenyewe, na uhifadhi kifurushi cha kuziweka pamoja na kazi zako.

Na wimbo ukifika kwenye radio?

Kuko kosa moja lenye tunalisikia sana antenani, na linatokana na tamaa ya plagini. Fundi anaweka limiteri juu ya limiteri ili wimbo wake upige nguvu kuliko wa wengine. Lakini radio nyingi zina kompreseri yao mbele ya emeteri. Wimbo uliobanwa tayari unabanwa mara ya pili, unatoka umechoka, na maneno yanazama. Kwenye mtandao pia haisaidii: Spotify inashusha nyimbo karibu na kipimo cha LUFS 14 chini ya sifuri, na YouTube nayo inapunguza zenye kelele sana.

Limiteri moja ya ndani inatosha. Acha desibeli moja ya nafasi juu. Sikiliza wimbo katika mono, maana wasikilizaji wengi wa vijijini wana radio ndogo yenye spika moja. Punguza reverbi mpaka mama aliye shambani asikie kila neno. Mtihani huo hautaki plagini ya dola hata moja.

Tunafunga tukisema nini?

Kwa studio inayoanza Mbau, Oicha, Beni ao Butembo, shauri letu ni hili. Chagua programu moja, ilipie, jifunze egalizeri na kompreseri yake mpaka uzijue bila kutazama. Feza yenye ingeenda kwa plagini, nunua kwanza blanketi nzito, kasiki nzuri na fulashi mbili. Kila wimbo ukiisha, toa WAV za sauti zote siku ile ile, usingoje kesho. Plagini ya inje inunuliwe wakati kazi fulani imeiomba kwa kweli, na mteja analipa.

Kwa korali na wasanii: munapolipa studio, ombeni hizo WAV pamoja na wimbo uliomalizika. Ni sauti zenu. Kuko waimbaji katika nyimbo zetu wenye hawako tena kati yetu, na kwa jamaa zao, ile njia moja ya sauti ndani ya fulashi njo kitu kilichobaki.